Sinema Chumba cha Mbele

Jumatatu, 4 Oktoba 1993
Nimetoka wodini saa tisa, nimepika, nimekaa na baiolojia. Figo tena. Saa kumi Rashidi akawasha sinema. Tangu kiwanda cha nguo kimpunguze kazi, chumba chetu cha mbele kina televisheni, deki ya video na mabenchi sita. Mtaa mzima wa Mwembesongo umo humo, unashangilia watu wanaorushiana mateke. Kurasa mbili tu. Kuanzia saa kumi hadi saa moja namchukia mume wangu.

Alhamisi, 7 Oktoba
Pamba masikioni. Haisaidii. Zimebaki wiki nne kabla ya mtihani. Nina miaka thelathini na moja, bado natandika vitanda vya wagonjwa na kumwaga mikojo. Bila baiolojia chuo cha uuguzi hakinipokei. Mwaka juzi nilifeli. Rashidi anajua ninasoma, hajui kwamba nimejiandikisha mtihani tena. Nikifeli, nifeli peke yangu.

Jumapili, 10 Oktoba
Aibu. Nilikuwa nakwenda kuchota maji, nikapita mlango wa chumba cha mbele, nikasimama. Nimetazama sinema nzima, kitabu kwapani. Nimecheka pia.

Jumatatu, 11 Oktoba
Leo nimepiga mstari pembeni mwa daftari kila nilipoinuka. Mistari kumi na tisa. Minane ni ya kelele. Iliyobaki ni yangu mwenyewe: kuchungulia mchele, kukunja kanga zilizokwisha kunjwa, kwenda kwa jirani kuomba chumvi na chumvi ninayo. Nimeogopa. Yote kumi na mmoja ilikuja nilipofika kwenye mchoro wa figo. Palepale niliposhindwa mwaka juzi.

Jumatano, 13 Oktoba
Nimefanya jambo baya. Mchoro ulikuwa unaanza kukaa kichwani, chumba cha mbele kikalipuka kwa vifijo. Nikaenda nikachomoa waya. Wakazomea. Benchi moja limevunjika. Rashidi akawatoa mmoja mmoja, akiwaomba radhi.
"Mama Asha, hiki ndicho tunachokula."
"Mtihani ni tarehe tano."
Akakaa. "Ya mwezi gani?"
"Ujao."
"Ungeniambia lini?"
Nimelia kama mtoto.

Alhamisi, 14 Oktoba
Hatusemeshani. Nimemwomba Sista Klara, mkuu wa wodi, nisomee chumba cha shuka baada ya zamu. Akanitazama sana. "Mpaka saa kumi na mbili. Nisikukute umelala."
Hakina dirisha. Kinanuka dawa. Hata humo nimeinuka mara sita! Kwa hiyo nimejiwekea sharti: nikitaka kuinuka, nichore figo kwanza, ndipo niende. Mara ya saba nilichora. Nikasahau nilikuwa nakwenda wapi.

Jumanne, 19 Oktoba
Rashidi amepika. Wali mbichi katikati. Akasema wiki ya mtihani atafunga sinema. Nikamwambia asifunge, kelele siyo ugonjwa wote. Hakuelewa.
"Basi nitapunguza sauti."
Nimekula wali wote.

Ijumaa, 5 Novemba
Mvua imeifunika milima ya Uluguru tangu alfajiri. Rashidi amenisindikiza hadi Mafiga, kwenye shule ya mtihani, akarudi nyumbani. Nimekaa mstari wa nyuma, katikati ya watoto wa watu. Swali la nne, figo. Nikachora. Nikaandika, nikageuza karatasi, nikaandika tena.

Nilipoinua kichwa, nusu ya viti vilikuwa vitupu. Sikuwasikia wakiondoka.