Shali ya Arusi ya Wamboi

Ruiru,
Jumanne, 9 Februari 1999

Kwako Wamboi, mwenzangu tangu koleji,

Pokea salamu zangu kutoka huku Ruiru. Mama anaendeleaje na miguu yake? Na mitumba hapo Makongeni, Thika, wateja wanakuja? Mimi ni mzima, ila kikohozi cha kile chumba baridi cha kupakia maua hakijaniachilia. Barua hii nampa Wilkister wa hapa kazini akuletee mkononi leo, kwa hivyo tafadhali isome kabla hujafunga kibanda.

Nianzie mbali kidogo, usichoke. Unakumbuka mwaka wa 1994 tulipopeleka maombi pamoja kwa Ryabina, lile shirika la ndege za mizigo ambalo Warusi walikuwa wamelifungua Nairobi? Barua tulizipiga taipu kwa mashine moja, koti la intavyu tukaazimana. Wakakuchukua wewe. Mimi nikabaki hapa shambani kubandika lebo kwenye maboksi ya waridi, yale yale yaliyobebwa na ndege yenu kupelekwa Ulaya. Nilikupongeza, tena nikakupikia chapati. Lakini haki ya Mungu, Wamboi, zile chapati nilizisukuma kwa hasira.

Miaka minne tuliyokaa chumba kimoja nilisikia habari za Ryabina mpaka zikanitoka masikioni. Ati kampuni mama kule Urusi ndiyo yenye kila kitu, hata viti mnavyokalia. Ati ndege zilikuwa mbili, moja ilipoharibika mkawa mnang'oa vipuri vyake kufufua nyingine. Ati marubani hawaondoki kabla ya kuketi kimya kidogo juu ya mizigo, ndiyo safari iende salama. Ukaanza kunikalisha kitandani kila asubuhi kabla ya kazi, nami nachelewa! Na majina yao ulivyokuwa ukiyatamka kwa madaha, nilitamani unyamaze.

Basi mwaka jana pesa ya Urusi ikaanguka, kampuni mama ikaiuza ndege iliyobaki, Ryabina ikafa. Hata simu ya ofisi yenu ilikatwa. Ulirudi Thika kwa mama ukilia. Nililia pamoja nawe, lakini moyoni nilikuwa nacheka. Nimeshasema.

Sasa jana mchana Bwana Gennadi, yule mkubwa wenu, alifika hapa shambani. Siku hizi anaendesha ofisi ya kampuni nyingine ya ndege kule Sharjah, Uarabuni, na amekuja kutafuta maua ya kusafirisha. Alinisalimia kwa jina. Kisha akatoa shali nyeupe ya sufu kwenye mkoba, akasema nikupe, ni zawadi ya arusi yako, na nimsalimie mumeo.

Ndiyo, Wamboi, mumeo. Septemba iliyopita, simu zenu zikiwa zimekatwa, alikutumia faksi kwa mashine yetu ya shambani kwa kuwa alijua sisi ni marafiki. Aliandika kwamba kuna nafasi ya karani Sharjah, tiketi na nyumba juu yao, na kwamba hataki mtu mwingine ila wewe. Umjibu ndani ya siku tatu. Niliisoma nikiwa nimesimama. Wewe tena! Kwani mimi nina nini? Siku hiyo hiyo nikamjibu kwamba umeolewa na mume wako amekukataza kusafiri, nikagonga na muhuri wa shamba. Wewe wiki hiyo ulikuwa umetandaza mitumba chini, kwenye jua.

Na hayo siyo yote. Yule karani aliyemchukua badala yako ameacha kazi, na kwa kuwa wewe una mume, jana ameniuliza kama mimi ningekubali kwenda. Nilifurahi sana. Nikamwomba anipe siku za kufikiria. Shali yako nimeijaribu, Wamboi, na imenipendeza.

Bwana Gennadi yuko kwenye ile gesti karibu na stesheni ya hapa Ruiru, chumba cha sita, mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Beba vyeti vyako, uje umwambie kwa mdomo wako kwamba huna mume na kwamba mimi ndimi niliyemdanganya. Sikuombi msamaha, najua huwezi kunipa sasa. Lakini fanya haraka, maana wivu wenyewe haujaniisha. Ikipiga saa kumi kama hujafika, nitaenda Sharjah mimi.

Nisalimie mama sana, na asiache kumeza dawa.

Ni mimi,
Syokau