Simu ya Abacar Isizimike

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Dona Benilde wa Acção Social, ofisi ya ustawi wa jamii, kapiga simu asubuhi. Wavulana sita wametoka porini, wako kituoni hapa hapa Mocímboa. Mmoja ana miaka kama kumi na nne, anaongea Kimwani, jina hataji. Ana kovu juu ya nyusi ya kushoto. "Mtoto wa marehemu si alikuwa nalo, professor?"

Alikuwa nalo. Chafim, mtoto wa marehemu kaka yangu Abacar. Waasi walimchukua 2020, akiwa na miaka tisa.

Nikasema naja sasa hivi. Hapana! Hawaruhusu mtu kuwaona. Walishakuja watu wa uongo kujidai jamaa, wakaondoka na watoto wasio wao. Kwanza picha ya zamani, walinganishe. Mwisho ni Jumatano ya wiki ijayo asubuhi. Gari linawapeleka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, na kutoka Pemba hata yeye hajui wanaelekea wapi. Nchi hii imeweza kuchimba gesi chini ya bahari, haiwezi kumwonesha mama mtoto wake.

Picha za karatasi ziliungua na nyumba. Iliyobaki ni video moja, ya Idi ya mwaka ule ule, ndani ya simu ya Abacar. Na Abacar tumemzika Agosti — pikipiki, shimo la barabara ya Awasse, shimo ambalo mimi mwenyewe nimeliandika gazetini mara ngapi! Simu ilikuwa mfukoni. Kioo kimekufa, cheusi tii. Lakini inaishi. Alfajiri inalia kumwamsha marehemu, na hakuna wa kuinyamazisha.

Nimemuuliza Custódio, fundi wa simu pale sokoni. "Isizimike, professor. Nikibadili kioo lazima nichomoe betri, na ikiwaka upya itadai ule mchoro wa kufungulia. Mchoro anaujua nani?" Aliyekuwa anaujua tumemfukia.

Iko chumbani kwa Nafisa, mjane wake, mama yake Chafim. Yuko edani. Nimemtuma Mama akaichukue. Mama karudi mikono mitupu: kitu cha mumewe hakitoki chumbani mpaka eda iishe. Nikamwambia hakuna aya inayosema hivyo, ni mila za kuwafungia wanawake pamoja na kamba za chaja!

"Wewe aya umezijua lini?" kasema Mama. "Umesoma vitabu vyote vya dunia ukakiruka hicho kimoja."

Njia imebaki moja. Abacar, mwalimu wa Informática, somo la kompyuta, alikuwa na mchezo wake: programu ndani ya simu inayomruhusu kuingia kutoka laptop, kwa wifi, na kuipa amri kwa maandishi. Laptop yake ninayo mimi. Nitakaa barazani. Kati yangu na simu, ukuta mmoja.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeandika amri ya kuingia. Kimya. Nikapika kahawa, nikanywa, nikaosha kikombe. Ndipo ikafunguka.

Halafu mateso! Naandika neno, herufi hazitokei. Zinangoja, kisha zinamwagika zote kwa pamoja kama watu wakishuka kwenye chapa, daladala zetu. Nikikosea herufi moja sijui mpaka nimeshakosea kumi. Nimebishana na magavana, sijawahi kutukanwa kwa ukimya namna hii.

Mtandao wa nyumba hii unaitwa CHAFIM. Abacar aliuita hivyo waliporudi mjini, na simu haijui mtandao mwingine. Kwa hiyo kila nikiingia laptop inaniandikia: unajiunga na CHAFIM. Kila ikikatika: CHAFIM haipatikani.

Sikuipata video. Saraka nzima ya picha imekataa kufunguka mpaka mwisho.

Jumamosi wiki ijayo angetimiza miaka kumi na tano. Sitaki kufikiri kama yule kijana wa kituoni analijua hilo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Ushindi, mdogo. Nimesoma miongozo ya Abacar mpaka macho yanauma. Kuna maradhi mawili tofauti, na mimi nilikuwa nayatukana kama moja.

La kwanza: ule ukimya wa mlangoni. Simu, kabla ya kunifungulia, inauliza kwenye intaneti jina la laptop yangu. Intaneti yetu ni hii ya kudonoadonoa, jibu haliji, inangoja mpaka inachoka. Urasimu mtupu! Nimeifuta ile kanuni. Sasa inafungua papo hapo.

La pili: herufi kuchelewa. Simu isipotumika inafumba macho ya wifi ili itunze betri. Inasinzia, inaamka kidogo, inasinzia. Dawa yake ya kijinga kweli: dirisha la pili kwenye laptop, amri ndogo inayopiga hodi bila kukoma. Upo? Nipo. Upo? Nipo. Ukiigongea mfululizo haipati nafasi ya kulala. Nimejaribu — herufi zinakwenda kama maji!

Na video nimeipata. Moja tu. Simu ilikuwa mpya, Abacar akarekodi kwa ubora wa juu kabisa kwa kuringa, faili ni jinamizi. Na mwalimu huyu wa kompyuta aliyewatunzia watu wote kumbukumbu zao, yake hakuinakili popote.

Kunakili kumeanza. Kukikatika, kunaendelea pale palipokatikia. Ila video ya namna hii haifunguki mpaka ifike yote. Nusu ya mtoto haionekani. Custódio anasema ipo programu ya kukata picha moja humo humo ndani ya simu. Kwenye simu hii haimo, na kuishusha kwa intaneti yetu ni hadithi.

Nimemwambia Mama kwa sauti, ili na wa ndani asikie: Jumapili mtamwona Chafim.

Ijumaa, 17 Oktoba

Imekatika mara nne. Si ule uzito wa juzi. Hodi zinajibiwa vizuri, haraka, safi — kisha ghafla hakuna. Saa nzima hakuna. Kisha inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nimesogeza router mpaka dirishani, nikaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Ukuta wa mawe ya matumbawe unakula mawimbi, hilo najua. Lakini ukuta haujongei! Leo ule ule, jana ule ule.

Ni wanajeshi wenyewe. Wanazima mawimbi. Magari yao yenye antena yamepita mara mbili kuelekea uwanja wa ndege. Nimeanza makala: "Nani Anatuziba Midomo Hewani?" Kurasa tatu kwa pumzi moja. Kali. Nimemsomea Mama.

"Basi magari hayo yanakujua wewe tu," kasema, huku anachambua mchele. "Wifi ya jirani inacheza nyimbo tangu asubuhi."

Nimeichana. Robo tu ya video imefika.

Jumamosi, 18 Oktoba

Simu yenyewe hutaja joto la betri ukiiuliza. Leo kila iliporudi, ilirudi inaunguza. Haichomwi na kazi. Kazi ilikuwa imesimama. Ilikuwa mahali. Mahali pa moto, pasipo hewa.

Sijaandika zaidi. Nafikiri.

Jumatatu, 20 Oktoba

Najua.

Nilikaa chini ya dirisha la Nafisa na laptop mapajani, hodi zinajibiwa. Mama akatoka kwenda kisimani. Nikasikia chuma kikigonga chuma, ule mlio wa mfuniko. Hodi ya mwisho ikajibiwa, inayofuata haikujibiwa. Nafisa ana sanduku la bati la nguo, mahari yake. Wimbi halipenyi bati. Anaichomoa simu kwenye chaja, anaitia sandukuni, anafunga. Nikinyamaza sana, anaitoa, anaichomeka tena. Miezi miwili kailinda isizimike, na wiki hii kainyonga kidogo kidogo.

Nimepiga kelele. Nimesema maneno. Nimesema mwanamke anayemficha mwanawe sijui nimwiteje. Mama karudi na ndoo kichwani, akanisimamisha kwa mkono mmoja, akaingia ndani. Wakaongea kwa Kimwani, chini chini. Akatoka na uso mwingine.

"Anasema, mtoto wa Wahida."

Mtoto wa Wahida alirudi kutoka porini mwaka jana. Alitajwa redioni kwa furaha, jina na baba na mtaa. Siku chache baadaye likaja gari, watu wasiosema wametoka wapi, maswali kidogo tu, mama, tunamrudisha jioni. Wahida hadi leo anapika sahani moja ya ziada.

"Anasema, asiye na jina hawajui pa kumfuata. Na wewe ukipata kitu unaandika. Ndiyo kazi yako, mwanangu, sikulaumu. Lakini unaandika."

Nilikuwa na jibu. Nina majibu siku zote. Kwamba asiye na jina hupotezwa kirahisi zaidi, kwa sababu hakuna wa kumuulizia. Bado naamini hivyo. Lakini mtoto wa Wahida alikuwa na jina, na tuliuliza. Mimi niliuliza kwa maandishi, mara tatu, kwa herufi kubwa.

Nusu ya video.

Jumanne, 21 Oktoba

Asubuhi simu imetulia nje ya sanduku. Sikumuuliza mtu. Hodi, nipo, hodi, nipo. Kunakili kumekwenda kama ndoto, mpaka robo tatu na zaidi. Dona Benilde kaandika: kesho saa kumi na mbili gari linaondoka, professor, mimi mwenyewe nitasubiri getini, nitumie hata ukiwa njiani.

Saa saba mchana betri ilianza kushuka. Umeme upo! Nikamwita Mama aangalie chaja. Sauti ya Nafisa mwenyewe ikajibu, kutoka dirishani. Sijaisikia tangu mazishi.

"Haishiki, shemeji. Nimeshika waya kila upande."

Tundu la chaja limelegea. Kuchomoa na kuchomeka, na lile joto la bati. Nimekimbia kwa Custódio. Kasema tundu linabadilishwa, ndiyo, kwa kuchomoa betri. Akaongeza, taratibu: "Basi chaji iliyobaki ndiyo hiyo hiyo."

Nilirudi betri ikiwa asilimia ishirini na sita.

Nikamwambia Nafisa kupitia ukuta. Sikupiga kelele. Kwamba ikizimika haifunguki tena milele. Kwamba ikitulia hapo hapo dirishani labda itatosha.

Akasogea karibu na dirisha. Kisha: "Ukiipata, utaandika?"

Nikaanza. Kwamba watu wana haki ya kujua —

"Sikukuuliza haki, shemeji. Nimekuuliza utaandika."

"Sitaandika."

"Apa."

"Unajua mimi siapi."

"Basi sema tena."

Nikasema tena. Shajara hii haihesabiki, hapa hakuna anayesoma.

"Na Benilde?"

"Benilde atamtazama kijana na video. Basi."

"Na baada ya Benilde?"

Sikujibu. Ilikuwa mara ya kwanza nyumbani humu, na Mama, aliyekuwa anapepeta, alisimamisha ungo.

Asilimia kumi na tisa. Nafisa akauliza kama nimeshamwona mwanawe humo. Nikamwambia haifunguki mpaka ifike yote. Ila kuna jambo moja naweza: kuiamuru simu iicheze huko huko iliko. Picha hakuna. Sauti ipo.

"Icheze."

Nikaandika amri. Ukutani, upande wa pili, kelele za Idi. Kuku. Mlango. Kisha yeye. Sauti nyembamba, karibu mno na simu: "Baba, inarekodi? Mbona taa haiwaki?" Abacar anamwambia simama vizuri, onesha viatu. "Mama aje kwanza! Mama! Mwambie aje!" Na kutoka mbali, jikoni, mwanamke anacheka, anacheka kweli: "Niacheni, wali unaungua!" Ni Nafisa. Sikumtambua.

Ikaisha.

Nikatazama laptop. Kunakili kulikuwa kumesimama wakati wote wa sauti. Simu hii haina tena nguvu za mambo mawili. Sasa kunaendelea pale palipoishia, kwa kusuasua. Nimekadiria. Kama hakuna kitakachoigusa, inaweza kufika. Inaweza. Kwa unywele.

"Shemeji."

"Naam."

"Irudie."

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, kama mwalimu: kila tukiicheza inasimama, kila ikisimama betri inaliwa bure, kesho gari linaondoka. Alisikiliza mpaka mwisho. Alielewa, sina shaka. Ameishi na Abacar miaka kumi na sita.

"Irudie," kasema. "Mara moja."

Nikairudia. Baba, inarekodi? Mama ameweka ungo chini, amekaa kwenye kizingiti, amejifunika ushungi uso mzima. Wali unaungua.

Asilimia kumi na moja. Vipande vinaingia kimoja kimoja. Hodi, nipo. Hodi, nipo. Simu iko dirishani, naona pembe yake nyeusi kwenye nondo, na vidole vya Nafisa vimeishika ili mawimbi yafike. Anaishika vizuri. Anataka ifike.

"Shemeji Razaque."

Sijaitika. Nimeandika mstari huu badala ya kuitika.

"Tena."

Tisa. Amri ya kuicheza iko tayari kwenye kioo cha laptop, sijaifuta tangu mara ya kwanza, ni kubonyeza tu.

Nabonyeza.