Mashini ya Pedali na Mashini ya Mikono

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Zuhura anaota jino. Kunyonya, kulia, kunyonya. Adhana ilinikuta nimeshakoka makaa na kutenga maji ya mume wangu, Shabani, ya kutawadha. Ukungu wa ziwa uko mpaka ndani ya blanketi.

Kila asubuhi nammiminia mimi, nje, kwenye jiwe la mlangoni. Mikono, uso, mguu wa kulia, vizuri. Birika likaisha. Nikaongeza kutoka kwenye sufuria, mtoto mgongoni, sikupima kwa mkono. Yalikuwa yamechemka. Nikamwaga kwenye mguu wa kushoto. Matone yakanirukia, mi nikapiga kelele. Shabani akaniangalia tu. "Una nini, Mama Hadija?"

Mguu wake ulikuwa unatoa mvuke. Akainama kuusugua, na mkono ndio uliomwambia. Akautoa haraka.

Akasema ni baridi, miguu imekufa ganzi. Baridi gani ya mguu mmoja?

Nimempaka mafuta. Ngozi imekuwa nyekundu. Tangu jiwe limwangukie kule kwenye machimbo, mwaka juzi, kila mtu anasema amepona. Mi pia nilisema. Anatembea, hachechemei tena. Sikujua.

Jumanne, 5 Oktoba

Leo wamekwenda tena kuangalia mashini, yeye na mdogo wake Sudi. Ni tingatinga ndogo, zile fupi zinazogeuka palepale zilipo. Za kupakia mchanga na mawe kwenye lori. Tangu vita viishe na njia itulie, watu wanajenga kila upande, na sisi bado tunapakia kwa pauro. Mwenye kuuza ni mzee aliyerudi kutoka Uganda. Ana mbili, zote zimetumika. Tutachukua moja. Ndani ya bei yake kuna jasho la Sudi, na kuna kiwanja alichoniachia baba. Donc, kwa hiyo hata mi nina neno.

Shabani alinieleza huku anakula, kwa vijiko viwili na sahani. Kila mashini iko na vyuma viwili vya kushika, hiki magurudumu ya kushoto, kile ya kulia. Hapo zinafanana. Ile ya kwanza, kijiko chake kikubwa cha mbele kinaendeshwa na miguu. Pedali ya kushoto inanyanyua na kushusha mikono ya mashini. Ya kulia inainamisha kijiko. Ile ya pili haina pedali. Vyuma vilevile, ukivisukuma pembeni, ndivyo vinavyonyanyua na kumwaga. Miguu inakaa bure.

Yeye anataka ya pedali. Ndiyo aliyoiendesha miaka yote kwenye kampuni ya barabara. "Ile naijua kama mlango wa nyumba yangu."

Pedali ya kushoto. Nilisikia. Nikaosha vyombo.

Alhamisi, 7 Oktoba

Hadija amepasua chungu cha maharagwe. Nimemchapa, halafu nikalia mi mwenyewe. Nimechoka. Nina miaka ishirini na mitano na naona kama nimevaa mwili wa bibi.

Sudi alikuja mchana. Ni mtu wa maneno, anaingia na kelele zake. "Shemeji, chai iko? Ama mumeo anakunywa yote?" Yeye naye anataka pedali, kwa sababu yake mwenyewe. Anasema madereva wote wa hapa mpaka Mahoko wanajua pedali. Siku kaka akiumwa, anaita mwingine, kazi inaendelea. "Ile ya mikono tupu nani ataiendesha? Mi? Mi hata baiskeli inanikataa."

Wakacheka. Shabani akacheka kuliko wote.

Nikauliza kama mikono tupu si rahisi kwa mtu aliyeumia mguu. Nilisema kwa upole, kama nauliza bei ya vitunguu. Shabani akasema, "Nani aliyeumia? Mguu ulipona." Akaugonga chini mara mbili mbele ya mdogo wake. Ulilia vizuri kwenye saruji. Nani atabisha?

Sudi alipoondoka Shabani aliniambia, bila kupandisha sauti, nisirudie. Nilikasirika. Bado nimekasirika. Naandika haraka kabla Zuhura hajaamka.

Ijumaa, 8 Oktoba

Mvua. Nguo hazikauki. Nimemwona anavaa kiatu cha kushoto: anakitazama mpaka mguu uingie. Cha kulia anavaa huku anaongea.

Kesho wanajaribu zile mashini. Amesema nisije, pale ni matope na wanaume tu.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimekwenda.

Watoto nimewaacha kwa mama mkwe. Nilichukua mwavuli wangu mwekundu, mvua ilikuwa ya manyunyu. Uwanja wa yule mzee una ukuta wa mawe meusi na rundo la mchanga katikati. Shabani alikuwa ameshapanda ile ya pedali. Sudi aliniona, akanipungia mkono. "Shemeji amekuja kukagua! Leo tumepatikana!" Halafu akarudi kuongea na mzee.

Shabani alifanya vizuri. Lazima niandike hivyo, ni kweli. Alichota, akanyanyua, akageuka, akamwaga pale alipoonyeshwa. Wanaume waliokuwapo walipiga makofi. Mi pia moyo ulipanda. Miaka miwili sijamwona hivyo, mgongo umenyooka.

Halafu nikaona. Kila akitaka kunyanyua, kichwa kinainama. Anatazama chini. Anautafuta mguu kwa macho. Mashini inatembea, na dereva anatazama kiatu chake.

Nikatoka ukutani. Nilipita upande wa mbele, mbali, karibu na lango, lakini wazi kabisa. Nikarudi. Nikapita tena. Mara tatu, na mwavuli mwekundu wazi. Sudi alifikiri natafuta pa kukwepa matope. Shabani hakuinua macho.

Ile ya pili hakuipanda hata. Mzee alisema, "Hii watu wanaiogopa, lakini mwenye kuizoea hairudishi." Hakuna aliyemsikiliza. Iko mbovu kwa macho, rangi imetoka yote. Nikaondoka kabla hajashuka.

Saa nane akarudi nyumbani na furaha. Alimbeba Hadija, akamrusha juu. Akaanza kunihadithia yote, namna alivyochota, nani alipiga makofi, nani alisema nini. Nilimwacha amalize. Nilimpa chakula. Kisha nikasema:

"Mi nilikuwa pale."

Akacheka. "Wapi?"

"Mbele yako. Mara tatu. Na mwavuli ule."

Mwavuli ulikuwa mlangoni, unachuruzika. Aliutazama. Furaha ilimtoka usoni taratibu, na mi ndiye niliyeitoa. Nilimwambia ya maji moto. Nilimwambia ya kiatu. Nilimwambia atakayesimama mbele ya mashini kila siku kumwonyesha pa kumwaga ni Sudi, mtoto wa mama yake. Nikamwambia kiwanja cha baba hakiendi kwenye pedali.

Akasema nataka kumfanya kilema mbele ya watu. Akatoka.

Jumapili, 10 Oktoba

Hasemi na mimi. Anasema na Hadija ili nisikie. "Mwambie mama yako chumvi."

Asubuhi alijimiminia maji mwenyewe.

Nilitaka kumuomba msamaha. Nilifika mpaka mlangoni. Kisha nikamwona Sudi moyoni, na kelele zake, amesimama mbele ya kile kijiko. Nikarudi jikoni. Nampenda huyu mwanaume. Sitasema kwamba nilikosea.

Jumatatu, 11 Oktoba

Leo ndiyo siku ya kumjibu mzee. Shabani ametoka mapema, peke yake, bila Sudi. Hakuniambia anakwenda kujibu nini. Nilipika uji ukaungua. Mama mkwe alikuja kuchukua chumvi, akaniangalia. "Yewe, mbona uso huu?" Nikasema jino la mtoto.

Kama amesema pedali, nitafanya nini? Nitazuia sehemu yangu, na Sudi atajua kwa nini, na Shabani hatanisamehe. Au nitanyamaza, na kila gari likipita haraka kuelekea hospitali nitasimama. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Sijapata njia ya tatu.

Baadaye, saa kumi. Amerudi. Ameketi jikoni kwenye kibao changu cha kukunia nazi, mahali ambapo haketi kamwe. Nilikuwa namenya viazi. Alichukua kisu kingine akaanza kumenya na yeye, vibaya, anatupa nusu ya kiazi.

Alisema polepole. Alimuomba mzee amruhusu kupanda ile ya pedali, mashini imezimwa. Akainua macho, akatazama ukuta, akajiambia weka mguu kwenye pedali. Akauweka. Alikuwa na hakika. Kisha akatazama chini. Mguu ulikuwa kwenye chuma cha pembeni, mbali na pedali kabisa. Akarudia. Mara ya pili ulikuwa juu ya pedali, umeikanyaga mpaka mwisho, na yeye alidhani umepumzika tu.

"Mikono ya mashini ingekuwa juu," akasema. "Ama ingemshukia mutu."

Niliacha kumenya, nikaweka mkono wangu juu ya ule mguu. Nikamuuliza anasikia? Akasema anasikia uzito kidogo, kama wa mutu mwingine. Kisha akalia. Sijawahi kumwona hivyo. Hata siku ya jiwe hakulia.

Amempa mzee jibu: ya mikono. Lakini Sudi bado hajui.

Jumanne, 12 Oktoba

Alitaka mi nimwambie Sudi. Nikakataa. Hilo ni lake.

Sudi alikuja na kelele zake kama kawaida. Amesikia njiani. "Bon, kaka, wamekuroga? Mashini mbovu ile, isiyo na rangi? Nani amekuuzia akili hiyo? Shemeji?" Akanigeukia, nusu mzaha. Nikaangalia chini.

Shabani akavua kiatu. Akavua soksi. Akaweka mguu juu ya stuli, na ule wekundu wa maji ya moto ukaonekana. Akasema, "Nichome." Sudi hakuelewa. Shabani akachukua sindano yangu ya kushonea kutoka ukutani, akajidunga mwenyewe kidole kikubwa, huku anamtazama mdogo wake machoni. Akaiacha imesimama pale.

Mi niliziba uso.

Sudi akaitoa ile sindano mwenyewe, polepole, na akafuta damu kwa kidole gumba. "Na mi ndiye ningesimama mbele," akasema. Kisha, "Kwa nini hukuniambia, kaka?" Shabani akasema, "Ungetafuta dereva mwingine." Sudi hakukataa. Hilo nalo ni kweli, alikuwa ameshawafikiria. Alisema tu, "Ndiyo. Ningetafuta."

Wakanywa chai. Kuhusu siku ambayo Shabani ataumwa, nani ataendesha, Sudi alisema basi atajifunza yeye. Shabani akamwambia, "We ambaye baiskeli inakukataa?" Hapo wakacheka, lakini kidogo.

Jumamosi, 16 Oktoba

Mashini imefika kwenye mchanga, njia ya Rubona. Wapakiaji waliitazama kama ng'ombe aliyenunuliwa mzee.

Siku ya kwanza mbaya. Mikono yake inakumbuka mambo ya zamani. Akitaka kunyanyua, mguu ndio unakanyaga, hakuna kitu chini, mashini inakaa. Akitaka kugeuka, mkono unakwenda pembeni, kijiko kinapanda. Alimwaga mchanga barabarani, mbele ya wanawake wanaoteremka sokoni na samaki. Wakamzomea. Mmoja akamwambia, "Baba, hiyo ni kazi au ni ngoma?"

Amerudi amenuna, lakini na mimi anasema. Viganja vimepasuka. Usiku wote huu jino la Zuhura, halafu viganja vya baba yake. Nimevipaka mafuta yaleyale.

Jumatano, 20 Oktoba

Amepakia malori mawili bila kumwaga nje. Sudi alisimama mbele. Anasema Shabani alimtazama usoni muda wote mpaka akaona haya. "Kama mutu anayetaka kunichumbia."

Jino limetoka. Dogo, jeupe, kali. Nimeng'atwa.

Jumapili, 24 Oktoba

Tulimpelekea chakula, mi na watoto. Wapakiaji hawakuwapo, ni yeye tu alikuwa anapaka grisi. Ziwa lilikuwa limetulia, harufu ya bia ikitoka upande wa kiwanda. Hadija alicheza kwenye mchanga. Shabani akamchukua Zuhura kutoka mgongoni kwangu na akaniambia panda.

Nikakataa. Akasema panda, imezimwa. Nikapanda, na kitenge changu, nikaketi kwenye kile kiti kilichochanika. Akanionyesha kwa kidole, mtoto mkononi: mbele na nyuma ni mwendo, pembeni ni kijiko. Nikashika vile vyuma viwili. Ni baridi, na vinang'aa pale anaposhika.

Nikamuuliza miguu niiweke wapi.

"Popote. Haina kazi."

Nikavua ndala. Nikaiweka miguu kwenye sakafu ya chuma, pale jua lilipokuwa limefika. Yeye alikuwa anamwonyesha Zuhura mitumbwi. Hakuniambia nishuke, na mi sikushuka haraka.