Ukurasa Nilioandika Mwenyewe

Nice, usinipigie, nitalia mbele za watu. Niko stendi ya Usa River, natumia bando langu.

Wamenifukuza kazi. Na hakuna aliyenitamkia. Swichi ya mtandao wa ofisi niliyoipanga mwenyewe ndiyo imeniambia.

Si nilikwambia meneja alitaka mtu akiachishwa pale shamba la maua, mtandao umkatae siku hiyohiyo? Nimehangaika nayo wiki nzima. Simu ya mtu ikiingizwa kwenye orodha ya walioachishwa, swichi haiipeleki mtandaoni, inaielekeza kwenye ukurasa mmoja tu. Maneno niliandika mimi: "Asante kwa utumishi wako. Tafadhali acha kitambulisho getini."

Meneja akasoma, akasema, "Elinipa, umeandika vizuri. Haiumizi mtu."

Haiumizi mtu. Alisema hivyo ananiangalia usoni.

Jana akaniagiza nimfundishe Frederick, yule mfanyakazi mgeni wa ofisini kwetu, kuongeza simu kwenye orodha. Nikamfundisha kwa moyo wote.

Leo saa nane mchana nafungua simu niangalie matokeo ya mtihani ya mdogo wangu, unatokea ukurasa wangu.

Nikajua nimekosea mahali. Nice, nimekaa robo saa nzima natafuta kosa langu. Nawaomba radhi kabisa wenzangu ofisini, nasema subirini narekebisha.

Frederick ameinamia meza. "Dada, niliambiwa tu."

Nikafungua orodha. Ina simu moja. Yangu.

Robo saa nzima natafuta kosa, na wote wanajua.

Kitambulisho nimekiacha getini. Kosa halikuwepo. Nilipanga vizuri kabisa.