Suti Niliyoikata kwa Jicho

Tarehe 9 Februari

Profesa wangu,

Salamu zangu zikukute umeshiba na umelala vizuri. Kama bado, anza na hayo mawili ndipo uendelee kusoma, barua haina miguu, haitakukimbia. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaonikumbusha kila jioni kwamba cherehani nayo ni bosi. Nisalimie shangazi yako, mwambie asante kwa kukuweka kwake, na gauni lake la bluu ndilo hilo kwenye kifurushi. Barua nimeitia mfukoni mwa gauni ili isipotee. Kondakta wa basi la asubuhi ameniahidi, na mimi ndiye niliyemshonea zipu.

Kwenye simu tuliongea, lakini simu haina pa kushika. Ukikata, maneno yameondoka. Barua nitairudia nikitaka.

Habari za huku ni kwamba mji mzima unajua. Sikumwambia mtu yeyote ila wateja. Kila anayeingia dukani namwambia, binti yangu wa pekee anakwenda kusoma uchumi chuo kikuu, kile chenyewe, si vile vingine. Mke wa mhasibu alikuwa anajaribu blauzi yake, akasema kijana wake naye aliomba uchumi mwaka juzi wakamwacha. Nikamwambia pole. Halafu nikambana kidogo kwapani na pini, ajue anaongea na mama wa nani.

Tangu darasa la nne ulikuwa unaniuliza kwa nini uzi unapanda bei na magauni hayapandi. Mimi nilikuwa nakujibu nenda ukachote maji. Basi sasa nenda ukawaulize hao maprofesa, uje unijibu mimi.

Suti yako ya siku ya kwanza chuoni nimeshaanza kuikata, kijivu, yenye bitana. Usiniambie uje kupimwa. Tepu hii naining'iniza shingoni kwa heshima ya kazi tu, mtu akipita barabarani mimi kiuno chake ninacho. Wewe nimekubeba tumboni, nitakukosea?

Ni mimi,
Mama yako


Tarehe 16 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tuko salama. Shangazi amevaa gauni lako siku mbili mfululizo, anasema la tatu atalifua. Mgongo wako usiupuuze, weka mto kwenye kile kiti.

Mama, kuna jambo nataka unishauri. Maombi ya chuo tunajaza kwenye mtandao, na kila mtu anapewa nafasi tano za kuandika kozi anazotaka, kuanzia anayoipenda zaidi. Ukikosa ya kwanza wanakuangalia kwenye ya pili, hivyo hivyo mpaka ya tano. Kabla sijaja huku, mwalimu wangu wa hesabu alinikalisha chini. Alisema uchumi wa chuo kile wanaomba watu elfu nne hivi na wanachukua mia moja. Kitu cha kwanza wanachoangalia ni hesabu, na mimi hesabu nina B. Majina ya waliochukuliwa mwaka jana yapo wazi pamoja na alama zao. Nimeyasoma yote. Mwenye B ya hesabu hayupo hata mmoja.

Hakusema siwezi. Alisema nijikadirie kama namkadiria mtu mwingine, mtu ambaye simpendi. Nimejaribu, Mama. Mtu huyo nisiyempenda hapati.

Kwa hiyo nimefikiria niandike uchumi wa kwanza, wa pili takwimu, halafu uhasibu, halafu ualimu wa hesabu. Yule mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja ana B kama yangu, yeye uchumi hakuuandika kabisa, ameanzia takwimu. Anasema anataka kulala usingizi.

Unasemaje? Dirisha la maombi linafungwa mwisho wa mwezi.

Mwanao


Tarehe 20 Februari

Profesa wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa. Nashukuru mko wazima. Mto nimeweka.

Kwanza hiyo B. Kuna herufi ngapi kuanzia A mpaka Z? Wewe umeshika ya pili, na unaandika kama mtu aliyeshika ya mwisho. Hao elfu nne wasikutishe. Mimi foleni nazijua, nusu ya watu wamefuata wenzao, ukiwauliza wamekuja kufanya nini wanatazamana.

Sasa hizo nafasi tano. Hapo nisikilize, kwa sababu vitabu sina lakini kazi yangu ninaijua. Akija mteja na kitambaa akaniambia, fundi, ukishindwa nitampelekea yule wa ng'ambo ya barabara, unajua nakifanya nini kitambaa chake? Nakiweka chini ya vingine vyote. Kitakaa huko mpaka yeye mwenyewe achoke. Lakini anayekuja akaniambia, ni wewe tu, mwingine simtaki, huyo namkatia siku hiyo hiyo, hata kama kitambaa chake ni cha ovyo. Ndivyo mtu alivyo, na hao wa chuoni ni watu. Ukiwaandikia uchumi, tena takwimu, tena sijui ualimu, umewaambia mwenyewe kwamba ukikosa hutalia. Watakuweka chini.

Andika uchumi, peke yake. Hizo nne ziache nyeupe, waone kuna mtu anajua anachotaka.

Halafu nitafutie picha ya huyo mkubwa wa udahili, awe amesimama. Suruali na koti nitamkadiria hapo hapo. Si hongo, ni zawadi, na kabla majibu hayajatoka itakuwa imeshakwisha.

Nakupenda mpaka nasahau kula.

Mama yako


Tarehe 27 Februari

Mama,

Shikamoo. Tuko salama, nawe natumaini u salama.

Nimefanya ulivyosema. Nilipomaliza, mtandao uliniuliza kama nina uhakika wa kuacha nafasi nne wazi. Nilikaa mbele ya hilo swali mpaka yule wa nyuma yangu kwenye foleni ya kompyuta akakohoa. Nikabonyeza ndiyo. Hairudi nyuma.

Majibu ni katikati ya Juni. Tafadhali usimshonee mtu yeyote suti.

Mwanao


Tarehe 3 Mei

Mchumi wangu,

Uko mzima? Shangazi mzima? Mimi ukiniona utasema nimerudi kuwa msichana.

Suti ndiyo hii. Iguse kola uone. Geuza ndani, tazama bitana ilivyolala, mshono hauonekani umeanzia wapi. Nimeining'iniza dirishani wiki nzima kabla ya kuituma na watu walikuwa wanasimama. Mmoja alitaka kuinunua, nikamwambia hii ina mwenyewe, na mwenyewe anangoja kuitwa chuo kikuu.

Hata jina limebadilika. Hawaniiti Fundi tena, wananiita Mama Mchumi. Nikamwita mchora vibao akaniandikia kibao kipya cha duka, herufi nyekundu: MAMA MCHUMI, FUNDI WA SUTI. Mke wa mhasibu amekisoma akavuka barabara. Nilimwona.

Vaa, uniambie imekukaaje. Ingawa najua.

Mama Mchumi


Tarehe 11 Mei

Mama,

Shikamoo. Suti imefika, asante sana. Imenikaa vizuri. Shangazi anakusalimu.

Mwanao


Tarehe 19 Juni

Mchumi wangu,

Za huko? Natumaini ni furaha tu ndiyo imekuzuia kupokea simu. Redio imesema majina yametoka. Nimekupigia inaita, halafu ikawa haiiti tena. Nikasema labda mmetoka kusherehekea, simu mmeiacha kabatini.

Niandikie hata mstari mmoja. Wateja wananiuliza, na mimi nawaambia mambo ya chuo yana hatua nyingi, hawawezi kuelewa. Nimemwambia kondakta akupitie nyumbani, asikungoje stendi.

Mama Mchumi


Tarehe 2 Julai

Mwanangu,

Sijui kama barua ile ilifika. Shangazi yako nilimpigia, akasema upo, unakula kidogo, utaandika ukiwa tayari. Nikamwuliza tayari kwa nini. Akasema mwache mtoto, wifi.

Kila asubuhi nakwenda stendi. Kondakta akiniona kwa mbali ananionyesha viganja vitupu, hata hangoji nifike.

Jana mke wa mhasibu alikuja kuchukua sketi yake. Hakuniuliza lolote. Alilipa, akanishika mkono, akaondoka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Nitasoma.

Mama yako


Tarehe 14 Julai

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Afya yangu si mbaya.

Sikuchaguliwa. Jina langu halikuwepo, nililitafuta kwa jina langu, kwa jina la baba na kwa namba.

Nilikuwa nakuandikia kila siku. Kila barua niliyoianza ilikuwa na lawama ndani, nikawa nazichana. Hii nimeiandika mara nyingi mpaka lawama zikaisha.

Nilikwenda chuoni kuuliza. Nilivaa suti. Dirishani palikuwa na baba mmoja mpole, akatazama alama zangu kwenye kompyuta yake, akatazama tena. Akasema, "Binti, hizi zingekutosha takwimu. Mbona uliacha nafasi nne wazi?" Nikamwambia ndivyo nilivyoamua mwenyewe. Akaniambia wao hawaoni nani ameandika kozi ngapi, mashine inapanga alama tu, hakuna mtu anayeweka maombi ya mtu chini. Halafu akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Mwenzangu wa dawati moja amepata takwimu. Alinipigia kwa furaha, na mimi nilifurahi, kweli nilifurahi, ila baadaye nilishindwa kuinuka kitandani.

Mama, suti haikunikaa. Nilikudanganya mwezi wa tano. Kiuno kinanizunguka, na siku ile nilikikaza kwa pini mbili, moja ikawa inanichoma njia nzima. Shangazi anasema nilianza kukonda tangu siku niliyobonyeza ile ndiyo. Hukuikata vibaya. Uliikata kwa yule niliyekuwa.

Mwanao


Tarehe 18 Julai

Mwanangu,

Nimeipata. Nakushukuru umeandika.

Nilipofika kwenye neno "zingekutosha" niliiweka barua chini nikaenda kukata nyuzi kwenye nguo ambayo haikuwa na uzi wa kukatwa. Kisha nikarudi nikamalizia. Hujanilaumu mahali popote, nimetafuta.

Mimi nilidhani kuna mtu amekaa huko na vitambaa vyenu mbele yake kama mimi. Sikujua ni mashine. Hata ningeambiwa, sidhani kama ningesikia. Ulijikadiria sawasawa, na mimi niliyesema jicho langu halikosei nikakukosesha.

Watu walipouliza leo nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa, nikasema hakuchaguliwa. Hakuna aliyecheka. Ningependa mmoja acheke nimpate wa kugombana naye. Mchora vibao amekuja kufuta jina kwa kulipakia rangi nyekundu, akaanzia mwisho wa kibao kwa bahati mbaya, rangi ikamwishia. Limebaki neno MAMA na baada yake wekundu mtupu. Nimemwambia aache hivyo hivyo.

Najua utataka nikuambie ufanye nini mwakani. Sijui. Ningejua ningesema, unanijua mimi siachi kusema. Mwulize mwalimu wako wa hesabu, na atakalokuambia lifanye, usirudi kuniuliza.

Suti nirudishie kwa kondakta. Na usitume suti peke yake. Jipime, kiuno, nyonga na kifua, uniandikie. Sitaikata tena kwa jicho.

Kula, mwanangu. Hata ukiwa na hasira na mimi, kula.

Mama yako


Tarehe 25 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimepata barua, na nimekula.

Mwalimu wa hesabu nilimpigia. Anasema mwakani waombaji watakuwa wengi zaidi, na B itabaki B mpaka nirudie mtihani, na kurudia mtihani si kwamba lazima ipande. Hakusema siwezi. Hakusema naweza pia. Nilimwuliza mara mbili.

Nimepata kazi kwenye duka la kutoa nakala, lile lililo karibu na geti la chuo. Wiki hii waliochaguliwa wanaleta barua zao za kuitwa, kila mmoja anataka nakala tatu. Nazipanga, nazibana, nawarudishia. Za uchumi zina mstari wa bluu juu. Jana mmoja aliniuliza kama na mimi nasoma hapo. Nikamwambia ni shilingi mia tatu.

Suti ni hiyo. Hapa kwa shangazi hakuna tepu, nimetumia ile kamba uliyofungia kifurushi. Fundo la kwanza ni kiuno, la pili nyonga, la tatu kifua, zote nimepima kuanzia ncha ile uliyoichoma moto isifumuke. Shangazi alitaka kunisaidia nikakataa. Kamba iko mfukoni mwa koti, pale unapotiaga barua.

Najua utataka kuacha nafasi kidogo, ukisema nitanenepa. Usiache. Shona kama fundo linavyosema.

Mwanao