Zinki Haijaibiwa

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta una nafuu, na shemeji na wanao hawajambo. Mimi huku ni mzima kama chuma; kutu yenyewe inanipisha njia.

Nimesikia umekataa katakata kupasuliwa vijiwe vya nyongo. Eti jirani yako kasema kisu na nusukaputi vinakausha madini kwenye damu, mtu anaamka ganda tupu. Na wewe kila ukila unajikunja kwa maumivu, na daktari ameshaonya kwamba nyongo ikipasuka tutakukosa. Huyo jirani atatupa dada mwingine?

Sasa nisikilize mimi niliyeezeka nusu ya mji huu. Zinki, mojawapo ya hayo madini ya damu, ndiyo inayong'arisha bati. Hakuna wa kunifundisha zinki. Katika hospitali ya huku yuko daktari anayechunguza damu za watu kabla na baada ya kupasuliwa. Akaja jamaa mmoja mwenye ngiri, fundi, jasiri, na sura si haba. Akataka apimwe zinki kabla hawajamgusa. Ilikuwa nyingi hadi mashine ikataka kuzimika. Kesho yake baada ya kisu wakampima tena: imeshuka. Jamaa akawaka, akawaita wezi, wodi nzima ikasikia. Daktari alicheka mpaka akakaa kitandani kwa mgonjwa.

“Mzee, hakuna aliyeiba. Mwili wenyewe umeitoa kwenye damu ukaipeleka kwenye ini na kwenye kidonda. Vifaa viko kazini, wewe unavitafuta stoo?”

Kidonda kilipoanza kufunga wakampima tena, ikawa inapanda. Dawa yake maharage na nyama, basi.

Hapo utasema kaka kaanza hadithi zake. Sema. Dada, jamaa huyo ni mimi. Ile ngiri niliyoifunga mkanda miaka yote nikiwaambia ni misuli, nimepasuliwa. Sikukuaga kwa sababu niliogopa. Pale mezani nilimng'ang'ania mkono daktari wa usingizi mpaka nikapotea. Lakini nilitaka nitangulie mimi, usibaki na kisingizio.

Najua hunijui kwa kusema kweli. Safari hii huhitaji kuniamini. Jumatatu nakuja kukuchukua. Utaupapasa mshono kwa kidole chako mwenyewe, kisha utavaa viatu twende. Na jirani akikaa mlangoni kutuzuia, nitamwezeka.

Nisalimie wanao, waambie mjomba wao anatembea wima. Shemeji naye asikusaidie kubisha.

Ni mimi kaka yako,
Fundi Bati