Mbuzi Mwenye Ukungumpaka

Baba Konsolata,

Uji umo chunguni. Ukirudi kutoka kwenye migono yako ya samaki, mbuzi ~~mwache ale~~ mfunge kamba.

Asubuhi ulimwambia jirani yetu Mama Theodori kwamba mbuzi wetu hakula mchicha wa bustani yake kwa ulafi, bali ana ukungumpaka, ugonjwa wa macho unaomficha mpaka wa shamba. Ulipoondoka tu, alirudi na kikombe: amejikamua maziwa anayomnyonyesha mwanawe, tumtie mbuzi machoni. Anamhurumia! Nilishindwa kuvumilia, nikamwambia kweli, kwamba ugonjwa huo umeubuni wewe. Akacheka mpaka akaketi chini. "Basi dawa ya mwenye mbuzi ni jembe," akasema.

Tuko bustanini kwake tunapanda upya. Kula kwanza, mwongo wangu, kisha njoo nalo.

Mama Konsolata